Televisheni ndogo ya chumba cha wageni: ninunue ipi?

Ndugu mshauri,

Salaam. Nimekuwa msomaji wa safu hii kwa muda, na leo nimeleta langu.

Nyumbani tuna chumba kimoja cha ziada. Si kikubwa. Kina kitanda, kabati la droo lenye upana wa sentimita 60, na dirisha upande wa kushoto wa kitanda. Kutoka kwenye mto hadi ukuta wa mbele ni mita 2.3, nimepima mwenyewe. Baba mkwe wangu hulala humo anapokuja kwetu kwa matibabu, na hukaa wiki kadhaa. Umri umekwenda, masikio yamepungua nguvu, na mchana tukiwa kazini anabaki peke yake hana cha kumliwaza. Akiondoka, watoto hukigeuza chumba kuwa mahali pa kuchezea gemu, nami hupigia pasi humo.

Nataka kununua televisheni ndogo ya bei nafuu. Nilidhani ni jambo jepesi, kumbe kila mtu ana lake. Muuzaji alinishikilia nichukue ya inchi 43 yenye 4K na HDR, yaani nukta nyingi zaidi za picha na tofauti kubwa zaidi ya mwanga na giza, eti ndogo zimepitwa na wakati. Mume wangu anasema tununue kubwa ya sebuleni, halafu iliyopo sebuleni sasa, nayo ni inchi 43, ihamie chumbani. Kijana wangu anasema tusinunue kitu, kwa kuwa kuna skrini ya kompyuta ya inchi 22 imekaa bure. Mimi moyo wangu ulishaangukia moja ya inchi 24, kwa sababu bei yake naimudu na inaenea juu ya kabati.

Waya wa antena haufiki chumbani humo. Wi-Fi inafika, ila kwa unyonge. Fedha niliyonayo ni ya televisheni moja ndogo. Sitaki kujuta baada ya mwezi, na zaidi ya yote sitaki mzee awe anasubiri mtu arudi nyumbani ndipo awashiwe.

Nishauri.

Mwenye chumba kidogo

*

Dada yangu,

Asante kwa kuniandikia pamoja na vipimo. Umetaja mto, ukuta, kabati na dirisha, na ukamtaja mzee mwenyewe na hali ya masikio yake. Kwa hiyo nitakujibu kwa chumba hicho hicho na kwa mtu huyo huyo, maana televisheni hii ni ya mzee aliyejilaza, asiyesikia vizuri, asiye na mtu wa kumsaidia mchana. Sifa yoyote iliyoandikwa kwenye kasha ambayo haimfikii yeye pale kitandani, usiilipie.

Maoni yangu ni haya: chukua inchi 32 ya HD ya kawaida, achana na 4K na HDR, na kiasi kitakachobaki kiende kwenye sauti na kwenye stendi ya ukutani. Sababu nitakupa, kwa kuwa najua mume wako na yule muuzaji watakuuliza.

Picha ya televisheni imeundwa kwa nukta ndogo sana ziitwazo pikseli. Jicho lenye uoni mzuri hutenganisha nukta mbili zilizoachana kwa sehemu moja ya 60 ya nyuzi moja ya pembe. Zikisogeleana zaidi ya hapo, jicho huziona kitu kimoja. Kioo cha inchi 32 kina upana wa sentimita 71 hivi. Televisheni nyingi za bei nafuu za ukubwa huo zina pikseli 1366 kwa upana na 768 kwa urefu, ndiyo HD ya kawaida niliyoitaja, kwa hiyo kila nukta ina upana wa takriban nusu milimita. Piga hesabu, utakuta kwamba kuanzia mita 1.8 na kuendelea jicho haliwezi tena kuzitenganisha. Mzee atakuwa kwenye mita 2.3. Hata ukimwekea Full HD, yenye pikseli 1920 kwa 1080, kwenye kioo cha ukubwa huo huo, akiwa kwenye mto hataona tofauti. Na ile ya inchi 43 yenye 4K ingemtaka asogee hadi chini ya mita moja ndipo jicho lianze kufaidi nukta zote alizolipiwa.

HDR nayo ni teknolojia nzuri, lakini inahitaji kioo chenye mwanga mkali sana penye mwanga na giza zito penye giza. Televisheni ya bei ya chini haina nguvu hiyo. Nembo hiyo kwenye kasha lake kwa kawaida inamaanisha kwamba inapokea picha za HDR, ila kuzionyesha inavyopasa haiwezi.

Sasa hiyo ya inchi 24 uliyoipenda. Inchi hupimwa kona hadi kona, ndiyo maana tofauti ya 24 na 32 huonekana ndogo kwenye karatasi. Ukipima eneo lote la kioo, 32 ni karibu mara 1.8 ya 24, na kila herufi inayopita kwenye picha inakuwa kubwa zaidi kwa theluthi moja. Kwa kijana mwenye macho na masikio mazima si jambo la kupigania. Kwa mzee wako ni jambo kubwa, kwa sababu mtu anayesikia kwa shida husikiliza kwa macho pia: husoma maandishi ya chini ya picha, jina la anayezungumza, matokeo ya mechi, hata midomo ya watu. Kwenye mita 2.3, inchi 24 itamfanya akunje uso kutwa nzima. Ingekuwa unamwekea mtu anayekaa mezani hatua moja kutoka kwenye kioo, ningekuambia chukua 24 bila kusita.

Tatizo la 32 ni kabati lako. Televisheni nyingi za siku hizi hazina mguu mmoja wa katikati. Zina miguu miwili karibu na ncha, na umbali kati ya mguu na mguu unaweza kufika au kuzidi sentimita 60. Mguu mmoja ukikaa ukingoni mwa kabati, siku mtu atakapovuta droo kwa nguvu utaokota vipande. Ndiyo maana nimetaja stendi ya ukutani. Nyuma ya televisheni utaona matundu manne ya skrubu, na umbali kati yake huandikwa kwa milimita kufuata kiwango kiitwacho VESA, kwa mfano 100 kwa 100 au 200 kwa 200. Nunua stendi inayotaja kipimo hicho hicho. Tafuta ile yenye mkono unaogeuka kushoto na kulia na kuinama mbele. Ni ghali kidogo kuliko ya bapa, lakini dirisha lako liko pembeni, na mwanga wa mchana ukigonga kioo utaweza kukigeuza badala ya kumfungia mzee mapazia. Televisheni ya inchi 32 bila miguu yake ina uzito wa kilo nne au tano hivi, mzigo mdogo kwa ukuta wa matofali au wa zege. Ukuta ukiwa wa mbao nyembamba au jipsamu, hakikisha skrubu zimeshika nguzo iliyo ndani, si ubao wa juu peke yake.

Usiitundike juu sana. Watu hupenda kuipandisha karibu na dari, shingo ikaumia na picha ikaharibika. Hapa kwenye kuharibika kwa picha nikae kidogo, maana ndipo televisheni ndogo za bei nafuu zinapotofautiana kweli kweli, na kasha halisemi neno.

Vioo vya aina hii viko vya namna tatu: IPS, VA na TN. IPS huonyesha rangi zile zile hata ukitazama kutoka pembeni, ingawa weusi wake huelekea kijivu gizani. VA ina weusi mzuri, lakini ukikaa upande rangi hupauka. TN ndiyo dhaifu kuliko zote kwa anayetazama kutoka chini: nyuso za watu huwa nyeusi, na wakati mwingine picha hugeuka kama hasi ya filamu. Mtu aliyelala kitandani hutazama kutoka chini. Muuzaji huenda asijue kioo ni cha aina gani, lakini macho yako yatajua. Mwombe aiwashe, kisha chuchumaa mbele yake hadi kioo kiwe juu ya uso wako, halafu simama pembeni. Rangi za ngozi zikibadilika sana, irudishe, hata kama bei inavutia. Mimi ningeona afadhali HD ya kawaida yenye kioo kizuri kuliko Full HD inayogeuka giza mtu akilaza kichwa.

Tuje kwenye sauti, ambayo kwa mzee wako ina uzito kuliko picha. Televisheni zimekuwa nyembamba na spika zake zikawa ndogo, na kwa kawaida hutazama chini au nyuma, kwa hiyo sauti hugonga ukuta kwanza ndipo imfikie msikilizaji. Sauti za wanadamu ndizo zinazopotea. Muziki unasikika, maneno hayaeleweki. Kuongeza sauti hadi mwisho hakusaidii sana, spika ndogo huanza kukoroma na majirani wakasikia kabla ya mzee.

Kinachosaidia ni kuisogeza sauti karibu na sikio. Mahali pa wazi, kila ukipunguza umbali kwa nusu sauti huongezeka kwa takriban desibeli 6. Ndani ya chumba faida ni ndogo kuliko hapo, ila bado utaisikia. Spika moja ndogo, hata ya kawaida ya kompyuta, ikiwekwa karibu na kichwa cha kitanda kwa waya mrefu, itamfaa mzee kuliko televisheni ghali iliyo ukutani. Kwa hiyo kabla ya kulipa, geuza televisheni uangalie nyuma kama ina tundu la hedifoni la milimita 3.5. Si zote zinalo siku hizi. Kama halipo, ulizia Bluetooth inayotuma sauti, na ijaribu hapo hapo, kwa sababu kuna televisheni ambazo Bluetooth yake ni ya rimoti tu. Na kama mtapenda kusikiliza pamoja naye, yeye kwa hedifoni ninyi kwa spika, muulize muuzaji akuonyeshe, maana nyingi hunyamazisha spika mara unapochomeka hedifoni. Kama mzee anatumia kifaa cha kumsaidia kusikia, hedifoni kubwa zinazofunika sikio zima humfaa zaidi kuliko zile za kuchomeka ndani. Washa pia maandishi ya chini ya picha kila yanapopatikana, na ukikuta kwenye menyu ya sauti chaguo la kuikuza sauti ya mazungumzo, lichague.

Umesema hutaki asubiri mtu ndipo awashiwe. Hili nimelipenda, na ndilo linalonifanya nisikushauri moja kwa moja televisheni janja (smart TV), ile yenye programu za intaneti ndani yake. Si kwamba ni mbaya. Lakini zile za bei ya chini huwa na kumbukumbu ndogo, gigabaiti 1 au zaidi kidogo, na huchukua muda kuamka. Mzee anabonyeza, haoni kitu, anabonyeza tena, inazimika. Tena chumba hiki kitakaa miezi bila mgeni. Siku ya kuwashwa itadai masasisho na nenosiri kabla ya kuonyesha chochote. Na programu zake hazidumu kama kioo chake: Desemba 2019 Netflix iliacha kufanya kazi kwenye baadhi ya televisheni za zamani za Samsung na baadhi ya vifaa vya Roku, wakati vioo vyenyewe vilikuwa bado vizima. Kwa hiyo usilipe nyongeza kubwa kwa ajili ya ujanja huo. Tofauti ya bei ikiwa ndogo, ichukue na uitumie kama televisheni ya kawaida. Siku ukihitaji intaneti, kuna vijiti vidogo vinavyochomekwa kwenye HDMI, lile tundu la kuingizia picha na sauti, ambavyo vikichoka hubadilishwa bila kutupa televisheni. Kijiti hicho kipe umeme wa adapta yake, kwa sababu tundu la USB la televisheni mara nyingi halitoi nguvu ya kutosha na kitakuwa kikijizima.

Ila picha lazima itoke mahali. Wi-Fi yako ni nyonge, na Netflix wenyewe hupendekeza megabiti 3 kwa sekunde kwa picha ya HD ya mistari 720, 5 kwa Full HD, na 15 kwa 4K, jambo ambalo ni sababu nyingine ya kuiacha 4K dukani. Kwa mzee, chaneli za kawaida ndizo rahisi: kubonyeza namba, basi. Njia ya kwanza ni kuvuta waya wa antena kutoka ulipo hadi chumbani. Ni kazi ya fundi wa siku moja na haihitaji matengenezo ya kila mara. Ya pili ni antena ndogo ya ndani iliyowekwa dirishani, ambayo hufanya kazi vizuri ukiwa karibu na mnara wa matangazo, vinginevyo picha itakatika. Vyovyote utakavyoamua, hakikisha televisheni ina kipokezi cha kidijitali cha ndani kinachoendana na matangazo ya nchi yako: Ulaya na nchi nyingi za Afrika hutumia mfumo wa DVB-T2 au DVB-T ya awali, Marekani ATSC, Japani na Brazili ISDB-T. Kipokezi kikiwa ndani ya televisheni, mzee anashika rimoti moja. Ukimwekea king'amuzi pembeni, rimoti zinakuwa mbili, na ya pili ndiyo hupotea kwenye shuka.

Rimoti yenyewe ishike mkononi dukani. Vitufe viwe vikubwa, namba zisomeke, cha kuwashia na vya sauti vitambulike kwa kupapasa. Uliza pia kama televisheni ina kile kinachoitwa hali ya hoteli. Ni menyu iliyofichwa inayokuwezesha kuamua chaneli itakayofunguka kila inapowashwa, sauti ianzie wapi na isipite wapi. Kwa mzee huyu ingekuwa baraka: kitufe kimoja, na chaneli aipendayo iko mbele yake kwa sauti ile ile ya jana.

Kuhusu mume wako: hajakosea. Inchi 43 kwenye mita 2.3 inatazamika vizuri kabisa, na kama ile ya sebuleni mlikuwa mmeshapanga kuibadilisha karibuni, mpango wake ni bora kuliko wangu. Lakini kama sebuleni hakuna shida, hapo mtakuwa mnanunua kubwa ili mpate ndogo, nawe umesema fedha ni ya ndogo. Kaeni mliamue hilo kwanza. Mwulize pia ile ya sebuleni ni ya mwaka gani. Kama ni ya zamani yenye taa za mirija badala ya LED, inaweza kula zaidi ya wati 100, wakati inchi 32 ya sasa hutumia wati 30 hadi 50 hivi.

Kijana naye msikilize, kwa upande mmoja. Skrini ya kompyuta haina kipokezi cha chaneli, mara nyingi haina spika wala rimoti, na inchi 22 ni ndogo kwa mzee. Kwa watoto, lakini, ni nzuri sana: wakikaa mezani karibu nayo, gemu litaonekana safi kuliko kwenye HD ya inchi 32. Wape hiyo, na hapo hutakuwa na sababu ya kulipia Full HD kwa ajili yao.

Ukienda dukani, beba flashi yenye video ya mtu anayezungumza, taarifa ya habari au mahojiano, badala ya ile video ya maua na maporomoko inayozunguka kutwa dukani. Hesabu matundu ya HDMI, mawili yanatosha. Beba futi ya kupimia miguu na matundu ya nyuma. Kama umeme wenu hupanda na kushuka, kifaa cha kuilinda dhidi ya hilo kiingie kwenye hesabu tangu mwanzo.

Ukifika nyumbani, itakapokuuliza mwanzoni kama ni ya duka au ya nyumbani, chagua nyumbani. Hali ya duka huongeza mwanga kupita kiasi na kula umeme bure. Kisha fungua picha nyeupe tupu, halafu nyeusi tupu, utafute nukta zilizokufa au madoa. Fanya hivyo siku hiyo hiyo, kabla ya kuitundika, na kasha lake na risiti uvitunze mpaka dhamana iishe, kwa sababu maduka mengi hayapokei televisheni iliyorudishwa bila kasha.